Leseni ya silaha baada ya hatia (Tanzania)

Katiba ya Tanzania ya 1977 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Kwa hiyo mkazi wa Boko, wilayani Kinondoni, aliyemaliza kifungo hadai kurudishiwa haki, anaomba ruhusa. Sheria inayohusika ni ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Ombi huanzia serikali ya mtaa, likapita kata na wilaya, na polisi nao huhusika. Ngazi ya mtaa ndiyo nzito zaidi, ingawa haisemwi sana: alama za vidole zitaonyesha hukumu, lakini majirani ndio wanaojua mwombaji anaishije sasa. Udhaifu wake ni kwamba chuki za mtaani nazo huweza kupita hapo. Uhakiki wa silaha wa 2016 uliwakumbusha wamiliki kuwa leseni hukaguliwa hata baada ya kutolewa.

Kwingineko mambo ni tofauti. Uingereza, kwa sheria ya silaha ya 1968, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi huzuiwa kumiliki silaha maisha yake yote. Miezi 3 hadi chini ya miaka 3, huzuiwa miaka 5. Marekani, ambako silaha ni haki ya kikatiba, mjadala wa kuwarudishia haki hiyo waliohukumiwa ni mkali zaidi.