Mtoto wa mbwa azoeshwe watu mapema: sababu na namna

Katika mitaa ya Uvira, toka Kavimvira hadi Kalundu, mbwa wengi wanafugwa kwa kulinda lupango. Mara nyingi mtoto wa mbwa anafungwa nyuma ya nyumba akiwa bado mdogo, kwani watu wanasema: «Imbwa ya kufungwa ndio inakuwa mukali.» Kweli, atakuwa mkali. Lakini ukali huo unatoka katika woga, na mbwa mwoga hachagui: anauma mwizi, anauma pia mtoto wa jirani aliyekuja kuchota maji.

Wakati gani?

Mbwa anazoea watu kwa urahisi kati ya juma la 3 na la 12 hivi tangu kuzaliwa. Mwaka 1961, watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lao: walilea watoto wa mbwa ndani ya uzio bila kuguswa na mtu. Wale waliokutana na watu mara ya kwanza wakiwa na majuma 14 waliendelea kuwaogopa. Mbwa mkubwa anaweza bado kufundishwa, lakini inaomba muda mrefu zaidi.

Namna gani?

Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Kisha, kila siku kidogo kidogo, aone wazee, mama mwenye mzigo kichwani, watoto wakicheza, pikipiki, mbuzi na kuku. Kama bado hajachanjwa, mbebe mkononi. Usimuweke chini penye takataka ao mbwa wasiojulikana. Akiogopa, rudi nyuma naye, usimvute, usimpige. Watoto wamshike tu mtu mkubwa akiwapo.

Na kichaa cha mbwa?

Mbwa mpole naye anaweza kuambukizwa, kwa hiyo chanjo inabaki ya lazima. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu vinatoka kwa mbwa, na dalili zikianza, karibu kila mgonjwa anakufa. Mpeleke mbwa kwa muganga wa mifugo akifikisha miezi 3.

Mtu akiumwa, hata kidogo, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha mwende kituo cha afya palepale, muulize chanjo. Musitie pilipili, mafuta wala majani, na musingoje kuona kama mbwa atakufa.