Takhmisi ya Gereji



Mwaka 1987 nilikuwa katika chuo cha ualimu, nikijiandaa kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Mwaka huohuo, mbali sana na sisi, vijana wanne wa bendi ya roki ya Metallica walikuwa katika studio za Los Angeles wakirekodi santuri fupi isiyokuwa na wimbo wao hata mmoja. Wakati ule sikuwa na habari nao. Nimeisikia santuri hiyo uzeeni, kwa kijana wangu, na historia yake imenionyesha kosa nililolitenda darasani.

Kosa lenyewe ni hili. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea shairi alilolijenga juu ya beti za mshairi mwingine. Aliichukua mishororo miwili ya asili, akaitanguliza mitatu yake, na jina la mwenye shairi akaliandika juu ya karatasi. Nilimpa sifuri. Kwa wino mwekundu nikaandika neno moja: umekopi. Hakuniletea shairi tena.

Turudi kwa Metallica. Septemba 27, 1986, basi walilosafiria nchini Uswidi lilipinduka, na mpiga besi wao, Cliff Burton, akafariki akiwa na miaka 24. Kabla miezi miwili haijatimia, Jason Newsted alikuwa amesimama jukwaani mahali pa marehemu. Mwaka uliofuata mwimbaji wao, James Hetfield, akavunjika mkono katika mchezo wa ubao wa magurudumu, na kazi ya kutunga ikachelewa. Agosti 22, 1987 walitakiwa kupiga katika tamasha kubwa la Donington, Uingereza, nao hawakuwa na albamu mpya mkononi.

Wakaingia katika gereji ya mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, wakafanya mazoezi ya nyimbo walizozipenda tangu ujana, kisha wakaenda kuzirekodi kwa siku chache. Kulikuwa na "Helpless" ya Diamond Head, "The Small Hours" ya Holocaust wa Uskoti, "The Wait" ya Killing Joke, "Crash Course in Brain Surgery" ya Budgie wa Wales, na mwishoni nyimbo mbili za Misfits zilizounganishwa kuwa moja. Misfits ilikuwa bendi aliyoipenda sana marehemu Burton. Santuri ikatoka Agosti 1987, dakika 25 hivi kwa jumla, na bei yake, dola 5.98, ikawekwa ndani ya jina lenyewe ili mwenye duka asimpunje mnunuzi.

Mawili yananigusa katika kisa hiki. La kwanza ni la yule mgeni. Kwenye jalada hawakumwandika kwa jina lake kamili. Walimtania kwa jina lenye maana ya mtoto mgeni. Lakini katika santuri hii besi yake inasikika wazi, ilhali katika albamu yao ya mwaka 1988, yenye nyimbo walizozitunga wenyewe, besi hiyohiyo ni shida kuisikia. Basi mgeni alipata sauti yake ndani ya nyimbo za wengine, kabla hajaipata ndani ya nyimbo za nyumba aliyohamia.

La pili ni la wenye nyimbo. Diamond Head walikuwa wamekwisha kusambaratika mwaka 1985. Ulrich alikuwa na deni kwao: mwaka 1981, akiwa bado kijana mdogo, alisafiri hadi Uingereza kuwaona, na mpiga gitaa wao, Brian Tatler, akampokea nyumbani kwao. Majina ya watunzi yaliandikwa kwenye santuri, mirabaha ikawafikia, na Tatler mwenyewe amekiri hadharani jinsi fedha zile zilivyomsaidia kuishi. Mgeni aliyekaribishwa akarudi na zawadi.

Kwetu, wanamuziki wa bendi za hotelini husema "tunapiga kopi", na neno hilo halina aibu kwao. Aibu imewekwa na sisi walimu, kwa sababu darasani kopi ni ya mtihani. Tumeuchanganya wizi na urithi. Aliyeiba huficha jina la mwenye mali; aliyerithi hulitaja, kisha huongeza chake.

Na ushairi wetu una jina la kazi hiyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule wa Al-Inkishafi, aliyachukua maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, akaiongezea mishororo mitatu ile miwili ya asili, ukapatikana ubeti wa mishororo mitano. Ndiyo Takhmisi ya Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi. Kinyume chake, maneno yaliyopewa Liyongo yalipata kusomwa tena kwa sababu malenga mwingine aliyafungulia mlango wa nyumba yake.

Hapo ndipo ninapoona kosa langu kwa ukubwa wake. Nilifundisha kwa miaka mingi kwamba takhmisa ni shairi la mishororo mitano katika kila ubeti, nukta. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo wanafunzi wangu walivyojibu wakapata alama zao. Idadi tuliihifadhi, sababu yake tukaipoteza. Siku alipotokea mtoto aliyeitenda takhmisi kama ilivyotendwa zamani, bila hata kujua jina lake, mimi niliyelijua jina sikuitambua kazi.

Sisemi kila anayerudia wimbo amefanya jema. Wako wanaorudia bila kuongeza kitu, na wako wanaoongeza sana hadi mwenyewe hasikiki. Mizani ni ile ya Sayyid Abdallah: maneno ya mwenziwe yabaki mzima, na yako yasimame kando yake bila kujificha.

Daftari langu la maandalizi ya masomo bado ninalo. Juma lililopita nililifungua penye maana ya takhmisa, nikaongeza chini yake kwa kalamu ya bluu: miwili ya mwenzio, mitatu yako, na jina lake juu. Kisha nikaandika jina la mwanafunzi yule, na mbele yake alama ninazomdai radhi kwa kumnyima.