Mirathi ya Wafu

Mwaka 1928, mjini London, daktari Frederick Griffith alichapisha matokeo yaliyofanana na kisa cha mizuka: wafu wamewarithisha wazima.

Griffith alikuwa akichunguza bakteria wa homa ya mapafu, maradhi yaliyoangamiza watu wengi zama hizo. Aliwajua wa namna mbili. Wa kwanza huvaa gamba laini la sukari linalowakinga na askari wa mwili. Hao ndio wauaji. Wa pili hawana gamba, wala hawadhuru.

Akawadunga panya. Waliopewa bakteria wenye gamba walikufa. Waliopewa wasio na gamba walinusurika. Waliopewa wenye gamba waliokwisha kuuawa kwa joto walinusurika pia. Kisha akawachanganya wafu wenye gamba na wazima wasio nalo. Panya wakafa, na damuni mwao mkakutwa bakteria hai wenye gamba.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kufasiri. Mwenye haraka angesema baadhi ya wafu hawakufa barabara. Lakini panya wa kundi la tatu, walio hai, wanamkanusha. Mwingine angesema wasio na gamba wamerejea asili yao. Lakini hao walitokana na bakteria wa aina ya pili, ilhali waliokutwa damuni walivaa gamba la aina ya tatu, aina ya wale wafu. Hakuna arejeaye kwa babu asiye wake.

Basi kilichorithiwa ni kitu gani? Griffith alidhani wafu waliwapa wazima lishe ya kujengea gamba. Mwaka 1941 aliuawa katika shambulio la mabomu mjini London, jibu likiwa bado halijatangazwa.

Jibu lilitafutwa New York na Oswald Avery wa Taasisi ya Rockefeller, ambaye awali hakuyasadiki matokeo ya Griffith. Pamoja na Colin MacLeod na Maclyn McCarty, aliikamua na kuisafisha ile dutu ya wafu, kisha akaijaribu kwa vimeng'enya. Vile vivunjavyo protini havikuizuia kazi yake; kivunjacho RNA hakikuizuia; vivunjavyo DNA viliikomesha kabisa.

Matokeo hayo yalitoka mwaka 1944. Wataalamu wengi waliamini kwamba urithi umo katika protini, na DNA waliiona duni mno kwa amana hiyo. Alfred Mirsky alishikilia kuwa huenda chembe ya protini ilisalia. Avery mwenyewe alikwisha kuandika kwamba yamkini kitu kingine kidogo kimeambatana na DNA. Jaribio la Alfred Hershey na Martha Chase la mwaka 1952 liliipa nguvu hoja yake. Mwaka uliofuata James Watson na Francis Crick wakaeleza umbo la DNA. Avery alifariki mwaka 1955 bila ya Tuzo ya Nobel.

Leo wanafunzi huwatia bakteria wasio na madhara jeni ya kustahimili dawa, kisha huwaotesha katika sahani yenye dawa hiyo. Macho yote huelekea sahani iliyoota. Lakini ni ile ya pembeni, ya bakteria wasiopewa jeni, isiyoota kitu, inayoipa ya kwanza maana. Panya walionusurika walikwisha kulisema hilo.