Uchungu wa mnavu

Mpishi wa managu utamjua kwa maji ya kuchemshia. Wapo wanaoyamwaga, wakachemsha tena na kumwaga tena, mpaka mboga itulie mdomoni kama mchicha. Wapo pia wasiomwaga hata tone, maana kwao uchungu ndio mboga yenyewe. Wajaluo huiita osuga, Waluhya lisutsa, Tanzania ni mnavu. Bonde la Ufa huungwa kwa maziwa, ikalala chunguni hadi kesho yake. Kwingine ni karanga au tui la nazi. Popote pale, kinacholiwa ni jani.

Vuka bahari uingie Tamil Nadu, kusini mwa India, ukute mmea wa ukoo huohuo ukiitwa manathakkali. Huko jani hupikwa na kusifiwa kuwa dawa ya vidonda vya mdomoni, lakini tunda nalo lina cheo chake: hulowekwa kwenye mtindi wenye chumvi, likaanikwa, likakaangwa na kutiwa kwenye mchuzi wa ukwaju. Afrika Kusini wana umsobo, Solanum retroflexum, ambao matunda yake meusi yaliyoiva hupikwa jemu.

Jemu hiyo hunikumbusha Marekani. Mwaka 1909 mfanyabiashara wa mbegu John Lewis Childs alitangaza tunda jipya la Luther Burbank, mzalishaji mimea maarufu wa California, akaliita Wonderberry. Jarida la Rural New-Yorker likamshukia: hiki ni kimnavu tu, tena cha sumu! Baadaye wataalamu wa mimea waliuhesabu mmea ule kuwa Solanum retroflexum, yaani umsobo wenyewe. Upande mmoja wa dunia watu walikuwa wanagombana juu ya kitu ambacho upande mwingine kilipakwa kwenye mkate.

Hofu hiyo ina mzazi. Ulaya kuna belladonna, ndugu muuaji kweli. Ila haihitaji darubini kuwatenganisha. Belladonna huzaa tunda mojamoja, kubwa, jeusi la kung'aa, limekalia majani matano kama nyota, na ua lake ni kengele ya zambarau iliyochujuka. Mnavu hutoa vijitunda kwa kichala, na ua lake ni dogo, jeupe, lenye moyo wa njano. Hata hivyo tahadhari ya Wazungu siibezi yote: tunda bichi la mnavu, la kijani, lina solanini, na mtoto asiachiwe kulitafuna.

Kuupanda sasa. Mara ya kwanza nilikausha matunda mazimamazima, nikayapondaponda na kumwaga kitaluni. Wiki tatu, udongo mtupu. Rojo la tunda huzuia mbegu kuota. Yakamue yaliyoiva ndani ya maji, suuza mpaka mbegu zitulie chini safi, zikaushe kivulini. Ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga ndipo usie. Miche ikifika urefu wa kiganja, ihamishie shambani penye samadi iliyooza, sentimita 30 kati ya mche na mche, lakini si pale nyanya au viazi vilipotoka, maana magonjwa yao ni mamoja. Kiangazi huja utitiri mwekundu. Jani likianza kuwa na vitone vya njano, geuza uangalie chini yake.

Kata ncha ya juu mapema ili matawi yatoke pembeni, na maua yang'oe kila yakichungulia, la sivyo mmea hugeukia uzazi na majani hudumaa. Wenye jani pana huzaa kilo nyingi na sokoni hupendeza, ila wazee hulalamika kuwa hauna ladha. Mimi nimesimama na wazee: bustanini kwangu ni ule wa jani dogo, wenye matunda ya rangi ya chungwa.

Mche mmoja sichumi, nauachia mbegu. Lakini ndege huuwahi kila mwaka, na msimu unaofuata nakuta mnavu umeota nyuma ya choo, ambako sikupanda kitu.