Ofisi yenye kelele au kazi ya nyumbani: lipi lina faida kwa wakala wa mizigo?

Nateete iko magharibi mwa Kampala, Divisheni ya Rubaga, kwenye barabara ya Masaka iendayo Mutukula na Katuna. Ofisi ndogo ya usafirishaji katika eneo kama hilo mara nyingi ni chumba kimoja: karani anaandaa hati, dereva anadai posho, mteja anaulizia mzigo wake, na simu hazinyamazi.

Hasara inapotokea
Tangu 2014, chini ya Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki, mzigo wa Uganda unaopita Mombasa hutolewa tamko na kulipiwa ushuru kabla ya kuondoka bandarini. Karani aliyekatizwa akikosea tarakimu moja ya namba ya kontena, hati hailingani na mzigo. Lori husubiri marekebisho, na siku za kusubiri hulipwa na mwenye mali au mwenye gari.

Utafiti unasemaje
Kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai, ilijaribu kazi ya nyumbani kwa miezi 9 kuanzia mwishoni mwa 2010. Utendaji wa wahudumu wake wa simu uliongezeka kwa asilimia 13, sehemu yake ikitokana na utulivu. Hata hivyo, karibu nusu yao walichagua kurudi ofisini baadaye. Wengi walilalamikia upweke.

Kubomoa kuta nako si dawa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kuwa kampuni mbili zilipohamia ofisi za wazi, mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka.

Kazi ya nyumbani na mipaka yake
Matamko hutumwa kwa mtandao, hivyo karani anaweza kuyaandaa akiwa nyumbani. Lakini umeme hukatika, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Aidha, risiti halisi, posho na ukaguzi wa gari havifanyiki kwa simu.

La kufanya
• Meza ya hati iwe mbali na mlango. Madereva wahudumiwe dirishani.
• Mtu mmoja apokee simu zote wakati matamko yanaandaliwa.
• Karani apewe saa za asubuhi bila kukatizwa, ofisini au nyumbani.
• Mtu wa pili alinganishe namba ya kontena, uzito na ankara kabla ya kutuma.