Harusi ya Msitu Mazinde: Maua ya Kitambaa na Singa za Mkonge

Mabibi harusi wa siku hizi wanataka msitu. Ukumbi uwe wa kijani, kamba zining'inie juu kama mwituni, maua yatambae hadi kwenye kiti cha bibi harusi. Wazee wetu wengine hucheka: msitu wa nini kwenye harusi?

Lakini tukumbuke. Kwetu Unguja bibi harusi alipambwa kwa vitu vya shambani tangu zamani: vikuba vya asumini na mrehani, langilangi, mkadi. Mlangoni palisimamishwa makuti ya mnazi yaliyosukwa, na huko bara ni migomba. Maua ya plastiki ndiyo wageni.

Mwaka jana tulipata kazi ya kupamba harusi Mazinde, jirani na Mombo, chini ya milima ya Usambara. Bibi harusi alitaka msitu, tena msitu wa kwao, si wa kwenye picha za simu. Tukafunga vitambaa na cherehani moja, tukapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha basi la Moshi.

Njiani tulijiona kama tunakwenda ugenini, kumbe vitambaa vya Unguja vilifika Mazinde zamani sana. Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Vuga alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa na makao yake hapa bondeni, si mlimani, kwa sababu misafara ya kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita hapa. Merikani na kaniki vilipanda, pembe za ndovu zikashuka. Wageni walimkuta Semboja amevaa kama mtu wa pwani. Sisi mafundi tunapenda habari za vitambaa, lakini vile havikulipiwa kwa pembe tu. Vililipiwa pia kwa watu waliotekwa vitani, na hilo tusilifunike.

Haya, tuje kwenye ua. Bibi harusi alitaka kiua cha zambarau kinachoota kwenye mawe yenye unyevu na kivuli katika misitu ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, alikipeleka kwao, na mwaka uliofuata kikapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima yake. Leo kimo kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima, na kwao kinapungua kwa sababu misitu inakatwa. Binamu za bibi harusi walijitolea kupanda hadi msitu wa Magamba wakatuletee maua na kangaga kwa magunia. Tukakataa. Ule ni msitu wa hifadhi, haung'olewi kitu. Na hata wangeleta, jua la Mazinde lingeyanyausha kabla ya mchana.

Basi tukashona. Petali tano za oganza ya zambarau kwa kila ua, kisha ukingo unapitishwa karibu na mwali wa mshumaa, kitambaa kinajikunja chenyewe kama petali ya kweli. (Oganza ya hariri haifai kwa hili, inaungua tu. Iwe ya nailoni au poliesta.) Katikati ni fundo mbili za uzi wa njano. Jani la ua hili lina manyoya laini, kwa hiyo tulilikata kwenye mahameli ya kijani, na hapo ndipo watu walipoanza kuligusa wakidhani ni jani. Kangaga tulizikata kwenye satini.

Kamba za mwituni zilitusumbua. Mwishowe tukatazama nje: mkonge, mistari kwa mistari. Mmea huu si wa kwetu. Dokta Richard Hindorf aliuagiza kutoka Marekani mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilipona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa takribani tani 230,000 za katani. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, na mashamba mengi yakarudi pori.

Tukanunua singa, tukazitia rangi. Rangi ikagoma. Kosa letu: hatukuzifua kwanza kwa sabuni. Tukafua, tukarudia, zikashika. Kosa la pili lilikuwa kuzitundika bila kuzichana. Siku ya kujaribu, shela lilinasa kila mahali, nusura tulie.

Bibi yake bibi harusi alitukuta uani tukichana. Tukamwamkia, akaitika, kisha akanyamaza muda mrefu akitazama. Baba yake alitoka Kigoma enzi za ukoloni, akaja kukata mkonge. Alikuwa manamba, mtu wa kuitwa kwa namba. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kambi ya shamba. "Hizi zilimla baba yangu mikono," akasema. "Nanyi mnazitundika juu ya kichwa cha mjukuu wangu?"

Tuliona haya. Tukamwambia, bibi, ukisema tuzitoe tunazitoa sasa hivi, hata kama harusi ni kesho. Hakujibu. Akavuta kigoda, akachukua fungu la singa, akaanza kulisokota juu ya paja. Ikatoka kamba nyembamba, laini, bila singa kuchomoza. Yetu ilikuwa mbovu, kwa kweli. "Kama ni za kutundikwa," akasema, "zisokotwe vizuri."

Akatufundisha hadi adhana ya magharibi. Tulifumua zetu zote, tukasokota upya usiku kucha pamoja na mashangazi, na kamba aliyoisokota yeye tukaifunga juu ya kiti cha bibi harusi, katikati ya maua ya zambarau. Shela halikunasa.

Harusi ilipokwisha tulitaka kukunja kila kitu turudi nacho Unguja, maana mapambo ya kitambaa hutumika tena. Maua akaturuhusu. Kamba akazizuia zote. Alisema mbuzi wake hawana kamba.