Kutoka Redio ya Sufuria Hadi Skrini ya Kugusa

Siku hizi ninaunda kicheza muziki cha kujitengenezea, nikitumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayokaribia ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Programu hainipi shida, hiyo ni kazi yangu ya kila siku. Kazi iko kwenye mambo mawili ambayo shahada ya kompyuta haigusi sana: skrini gani, na kasha la nini?

Kifaa chenyewe si changu. Ni cha babu yangu, mkulima wa kahawa upande wa Embu. Ana kaseti za nyimbo za Kiembu na Kimeru ambazo ukungu umeanza kuzila. Nikizihamisha halafu kifaa kimshinde kutumia, nitakuwa nimezifungia mahali pengine tu. Kwa hiyo nimerudi kwenye historia, maana waliotutangulia walishakutana na maswali haya.

Tuanze na kasha

Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ofisa wa habari aitwaye Harry Franklin alitafuta redio ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikatengeneza redio ya betri yenye kasha la alumini la mviringo. Ilifanana na sufuria, na jina la sufuria likaiganda. Bei yake ilikuwa pauni 5. Uzuri ni kwamba alumini hailiwi na mchwa, wala haivunjiki vipande ikidondoka.

Mwaka 1954 Wamarekani wakatoa Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani. Transista nne tu, kasha la plastiki, inaingia mfukoni. Kuanzia hapo redio haikuhitaji tena kuwa fanicha ya sebuleni. Philips walileta kaseti mwaka 1963, Sony wakaleta Walkman mwaka 1979, na Apple wakatoa iPod mwaka 2001.

Huku kwetu jambo kubwa lilikuwa umeme. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma (1968) hadi Kiambere (1988), yako pale pale Mbeere, lakini kwa miaka mingi nyumba nyingi za jirani zilisikiliza redio kwa mawe, yaani betri kavu. Ndiyo maana wazee wengi bado wanapima kifaa kwa swali moja: kinakula mawe kiasi gani?

Sasa skrini

Wengi wetu hudhani skrini ya kugusa ilizaliwa na iPhone mwaka 2007. La hasha! Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, kutoka kituo cha utafiti wa rada kule Malvern, alichapisha maelezo ya skrini inayohisi kidole. Alifikiria waongoza ndege. Skrini yake ilitumia umeme kidogo ulio juu ya kioo: kidole kikigusa, umeme unabadilika na mashine inajua umegusa wapi. Simu nyingi za leo zinafuata wazo hilo.

Njia ya pili ilitoka kwa Sam Hurst wa Marekani na wenzake katika miaka ya 1970. Hapa kuna tabaka mbili nyembamba zilizoachana kidogo. Ukibonyeza zinagusana, na mashine inasoma mahali zilipokutana. Vifaa vya mfukoni kama Palm Pilot, vile vya kuandikia kwa kijiti, vilitumia njia hii.

Ipi ni bora? Kioo cha aina ya kwanza ni angavu zaidi na kinakubali vidole kadhaa kwa pamoja. Skrini rasmi ya Raspberry Pi ya inchi 7, iliyotoka mwaka 2015, ni ya aina hiyo. Lakini mkono wa mkulima una sugu. Ngozi ngumu na kavu huweza kukosa kuhisiwa, na matone ya maji huichanganya skrini. Ile ya kubonyeza haijali: ukucha, glavu, hata kijiti cha mti, mradi umebonyeza. Pia zipo za inchi 3.5 za bei nafuu, na skrini ndogo hula umeme kidogo. Hasara yake ni kwamba haing'ai sana juani na tabaka la juu hukwaruzika. Kwa kusikiliza nyimbo, vidole viwili vya nini? Nimechagua ya kubonyeza, yenye vitufe vinne vikubwa tu.

Na kasha je?

Chuma kinazuia mawimbi ya Bluetooth. Plastiki ni rahisi, lakini mimi naelekea kwenye mbao za muuru, mti wa maeneo ya Mlima Kenya ambao maseremala wameutumia kwa fanicha tangu zamani. Kitaalamu unaitwa Vitex keniensis, na umepungua mno msituni, kwa hiyo natumia vipande vilivyobaki kwa fundi, sikati mti.

Kumbuka joto. Raspberry Pi hujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80 za Selsiasi. Juu kule Timau baridi inasaidia, lakini Mbeere kuna joto na vumbi pamoja. Toboa matundu chini na nyuma, kisha weka kitambaa chepesi kwa ndani kuchuja vumbi. Na skrini isikae wazi kabisa: izamishe milimita mbili ndani ya mbao, kifaa kikianguka kifudifudi mbao ndizo zipokee kishindo.

Franklin alianza na mtu atakayeshika redio, kisha ndipo akaja kwenye kasha. Nasi tufanye hivyo hivyo. Kabla hujanunua skrini, angalia kwanza mikono ya atakayeitumia.